Siku moja na kinasa sauti cha rili

Saa mbili asubuhi. Siku ya mapumziko, na mezani kuna kinasa sauti cha miaka ya 1970, kile cha kanda inayopita kutoka rili (gurudumu la kuzungushia kanda) moja hadi nyingine, kizito cha kuvunja mgongo. Aliyenipa alisema ni kizima, ila hakijawashwa siku nyingi. Kwa kauli hiyo tu, sikichomeki kwenye umeme. Nakifungua kwanza. Kapasita (kijenzi kidogo kinachohifadhi chaji) ya karatasi iliyo mlangoni pa umeme imepasuka ganda, nyufa nyembamba juu hadi chini. Unyevu huingia humo, na siku ya kuwashwa hulipuka kwa moshi unaonuka chumba kizima. Naitoa na kuweka mpya ya daraja la X2, iliyotengenezwa kuhimili umeme wa ukutani. Ya kawaida mahali pale ni kukaribisha moto.

Saa nne. Nakiwasha kupitia balbu ya waya ya zamani iliyounganishwa kwa mfululizo. Kukiwa na shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu na mashine itasalimika. Inang'aa kidogo, kisha inafifia. Vizuri.

Saa tano mpaka saa nane unusu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi hukimbilia kung'oa kila kapasita, kumbe nusu ya ubovu wa vifaa hivi ni uchafu na grisi iliyoganda. Wenzo unaosukuma roli ya mpira ni mgumu kama nta ya jana. Nauvua, nafuta grisi ya zamani yote, napaka mpya kidogo sana. Kisha nahamia kwenye mhimili mwembamba wa chuma. Huu, ukishirikiana na roli, ndio unaovuta kanda kwa sentimita 19 kwa sekunde. Umevaa pete ya kahawia, unga wa kanda za zamani uliogandamana. Pete hiyo huufanya mhimili uwe mnene upande mmoja, na sauti inayumba. Noti ndefu ya piano huifichua mara moja. Pamba na spiriti ya isopropili, nazungusha polepole, pamba inatoka na rangi ya kutu. Vichwa, vile vinavyogusa kanda ili kurekodi na kusoma sauti, navyo vivyo hivyo. Roli ya mpira naifuta kwa maji na sabuni kidogo. Spiriti siipendi juu ya mpira.

Chakula, kwa haraka.

Saa tisa. Kuondoa usumaku kwenye vichwa. Kifaa chake nakiwasha nikiwa mbali, nasogea taratibu, narudi taratibu, na nakizima nikiwa nimeshafika mbali. Ukikizima karibu na kichwa, unakiachia usumaku ule ule uliokuja kuuondoa.

Saa kumi na moja. Kanda ya majaribio. Kichwa cha kusomea lazima kisimame wima kabisa mbele ya kanda, la sivyo sauti nyembamba zinapotea. Nazungusha skrubu yake nikifuata mlio wa Hz 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) kwanza, kisha ndipo nahamia Hz 10,000. Ukianza na huo wa juu utakutana na vilele vya uongo: sindano ya kipimo cha sauti inapanda, unafurahi, kumbe kilele halisi bado kiko mbali. Robo ya mzunguko, nusu ya robo. Chaneli zote mbili zikipanda pamoja, naziba skrubu kwa tone la rangi ya kucha.

Hata mashine ya kampuni ya Kijerumani AEG iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1935 ilikuwa na mpangilio huu huu: rili mbili, vichwa katikati, mhimili unaovuta.

Saa moja jioni. Sasa kanda za kawaida. Ya kwanza inapiga safi. Ya pili inalia kwa mlio wa kukwaruza, na kichwa kinapata utope wa kahawia. Nasimamisha papo hapo. Gundi ya baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu hewani na kulainika. Ukiendelea kuipiga unaichubua sauti yenyewe. Dawa yake ni joto la takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa kadhaa, katika kifaa chenye kipimo cha kuaminika, si kwenye jiko la kupikia. Nairudisha kwenye boksi na kuandika juu yake kwa kalamu nene: ISIPIGWE.

Bado chaneli ya kulia iko chini kidogo. Nadhani ni vile vidhibiti vidogo vya kuzungusha kwenye bodi, vimeshika kutu. Nitavishughulikia kesho.