Hela ya baba mdogo si hela ya baba

Mara ya kwanza nilinyimwa visa ya Uingereza, na wala si kwa kukosa hela. Hela ilikuwepo. Ilikuwa kwa baba mdogo.

Baba alipofariki tuliuza kiwanja cha Himo, na baba mdogo ndiye aliyetunza hela kwenye akaunti yake. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili mwaka 2024, ada ikiwa imelipiwa na ufadhili, nilitakiwa kuonyesha hela ya kujikimu tu. Kwa chuo cha nje ya London ilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi, mara miezi 9: pauni 9,207. Milioni 31 na ushee.

Wakala mmoja hapa Moshi mjini, ofisi yake ghorofani, feni haizunguki, akaniambia, "Dada, baba mdogo ni baba. Ambatisha barua tu." Akala laki tatu zake. Mimi nikaambatisha barua, cheti cha kuzaliwa, hadi muhtasari wa kikao cha ukoo wenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Ule muhtasari najivunia mpaka leo. Kurasa tatu, mahudhurio yameandikwa, na aliyechelewa kikao ametajwa.

Jibu likaja: hela iwe kwenye akaunti ya mwombaji mwenyewe, mzazi, mlezi wa kisheria au mwenzi wake. Karatasi ya mahakama ya ulezi hatukuwa nayo. Nani huku kwetu anakwenda mahakamani kuomba kumlea mtoto wa kaka yake? Ada ya visa, kama pauni 490, ikaenda na maji. Ile ya huduma ya afya, pauni elfu moja mia moja na kitu, walirudisha. Baba mdogo aliumia kuliko mimi. "Mwanangu, nimekulipia shule tangu darasa la tano, leo naambiwa mimi si baba yako?"

Mara ya pili hela ikahamia kwangu, na hapo ndipo nilipoijua kazi. Inatakiwa ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata siku moja. Siku 28 ukiwa Mchaga mwenye milioni 30 benki, na ukoo mzima unajua! Siku ya kumi na tisa shangazi akapiga simu, mwanawe anaoa, kamati inataka ahadi. Nikasema sina. "We mtoto, huna? Na za kiwanja?" Nilichomshinda nacho ni kwamba nilishafungua akaunti ya pili, nikakataa kadi, nikakataa kuiunganisha na simu. Ya zamani niliiacha na elfu kumi na mbili, na salio hilo nilimwonyesha bila aibu. Juu ya kiwango niliongeza kama milioni moja na nusu, maana benki ina makato yake, na shilingi inageuzwa kuwa pauni kwa bei ya siku unayoomba. Ikiyumba siku hiyo, umeumia.

Kipimo cha kifua kikuu nilifanya Dar, hakina hadithi. Koti la baridi nilinunua mitumba Kiboriloni, elfu kumi na tano, lebo ya duka la Uingereza ikiwa bado imeshonewa ndani. Likarudi kwao kwa ndege.

Kule nilipata kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Ruhusa ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki yao inaanza Jumatatu inaisha Jumapili. Watanzania wenzangu walinifundisha kusawazisha: wiki hii 12, ijayo 28, wastani 20. Uongo mtupu! Kila wiki inahesabiwa peke yake, na ukiwa na kazi mbili saa zake zinajumlishwa. Nilinunua daftari nikawa naandika kama mangi anavyoandika madeni: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Msimamizi akiniomba nimshikie mtu zamu ya Jumapili, nafungua daftari mbele yake. Alikuwa anacheka, lakini akaacha kuniomba.

Kusuka nywele kulinitesa zaidi. Nasuka vizuri, sijifichi, na wadada walikuwa tayari kulipa. Lakini kujiajiri hakuruhusiwi kabisa kwa visa ya mwanafunzi, hata saa moja. Ndiyo maana hata wale wa kusambaza chakula kwa baiskeli sikuwafuata. Nikasuka bure watu wawili niliowapenda, basi.

Ilipofika Juni kila mtu akasema likizo hiyo, piga kazi saa 40. Niliandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wakanijibu kwamba kwa uzamili wetu kiangazi ni muda wa kuandika tasnifu, kwa hiyo saa ni zile zile 20. Barua pepe ile nimeitunza hadi leo.

Harusi nilichangia baadaye, laki moja, nikiwa tayari na pasipoti yenye visa mkononi. Niliporudi Moshi shangazi akanionyesha daftari la kamati. Jina langu liko mwisho kabisa, chini ya jirani aliyetoa kreti mbili za soda.