Spika zinavuma, shemeji kashika plaizi

Shemeji yangu alituunganishia dekoda kwenye amplifaya ili mpira usikike vizuri, na kweli ulisikika, ila spika nazo zikaanza kuvuma mmmmm, mtangazaji akinyamaza zenyewe zinaendelea tu. Ule mlio ni umeme wenyewe, hezi 50 au 60 kutegemea uko nchi gani, mzito na haupumziki.

Shem akachukua plaizi, eti dawa ni kukata mguu wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwenye plagi ya amplifaya, ameona mafundi wakifanya. Nikamwambia shem hebu weka hiyo kitu chini kwanza. Na kusema ukweli pengine ingenyamaza, ndo ubaya wake, unadhani umetengeneza, halafu siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma huko ndani umeme hauna njia ya kwenda ardhini, fyuzi haikatiki, amplifaya nzima inakaa na umeme inamsubiri mtoto aje kuongeza sauti.

Nikapunguza volyumu, mvumo ukapungua nao. Hapo nikajua unaingia na nyaya za sauti, maana ungebaki vilevile hata volyumu ikiwa sifuri ningeshuku kapasita za pawa saplai, zile zinazosafisha umeme ndani ya amplifaya. Tukawa tunazima, tunaacha waya wa kifaa kimoja tu, tunawasha. Simu kimya, DVD kimya, dekoda mmmmm. Tukazima tena, nikafungua ile nati ya waya wa dishi nyuma ya dekoda, imeshika kutu hadi kucha ikauma, tukawasha, kimyaa.

Kumbe dishi kule juu lina ethi yake na amplifaya ina ethi yake ya ukutani, hizo mbili haziko sawa kabisa, kuna kavolti kadogo kati yao, basi umeme unazunguka kupitia wavu wa nje wa waya za sauti na amplifaya inaukuza ikidhani ni mziki. Shem akachangamka, basi tukate ya dishi! Huyu mtu na kukata jamani. Ile ipo kwa ajili ya radi.

Tukachomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, ukapungua ila haukuisha. Kuna vile vifaa vya kutenganisha ethi vinafungwa kwenye waya wa antena, lakini vingi havipitishi ile volti 13 au 18 ambayo dekoda inapeleka kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, tungekosa na picha. Amplifaya ingekuwa na tundu la optiko ningepitisha sauti kwa mwanga tu kesi ikaisha, ila yetu ya zamani. Nikatafuta transfoma ndogo ya sauti, unaiweka katikati ya dekoda na amplifaya, sauti inavuka kwa sumaku bila nyaya za pande mbili kugusana. Mvumo ukakata palepale. Besi ya chini kabisa ilipungua kidogo, transfoma ndogo ndo zilivyo, nikaiongeza kwenye ikwalaiza tukaangalia kipindi cha pili.