Mshairi aliyeshika brashi uzeeni
Ndugu zangu mnaoambiwa mchague kati ya kalamu na brashi, someni habari za Rabindranath Tagore. Alizaliwa Kolkata, India, mwaka 1861, akatunga mashairi kwa Kibengali tangu utotoni, na mwaka 1913 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wa kwanza kutoka nje ya Ulaya. Alipokuwa ameshavuka miaka 60 ndipo akazama kwenye uchoraji!

Kilichonigusa zaidi ni alipoanzia. Akisahihisha miswada yake, maneno aliyoyakata hakuyaacha yakae kama madoa. Aliyaunganisha kwa wino, mkato huu na ule, mpaka ukurasa ukatoa mdomo wa ndege, uso wa mtu, au mnyama ambaye hayupo duniani. Juzi nimezikodolea macho kurasa hizo kwenye simu mpaka chaji ikakata.

Mimi hapa Kigoma naandika majina ya boti kule Kibirizi, na usiku natunga. Mzee mmoja mwenye boti aliniuliza, "Mwanangu, hizo kazi mbili utaziweza?" Nikamsimulia habari za Tagore huku nikipiga msasa ubao. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi niandikie na beti moja chini ya jina." Nilifurahi mno.

Mwaka 1930 michoro yake ilioneshwa Paris, na alipofariki mwaka 1941 alikuwa ameacha zaidi ya 2,000. Mwenye mashairi yake kwa Kiswahili anitumie, tafadhali.