Vibanio Nyuma ya Gauni la Malkia

Kila inapofika katikati ya Februari, simu yangu hujaa maharamia, mbwa mwitu na malkia wa barafu. Kosa langu ni moja tu: miaka kadhaa iliyopita niliagiza kofia ya mchawi kwenye duka la mtandaoni nikawaachia barua pepe yangu. Tangu hapo nimekuwa mteja wa kudumu wa matangazo ya mavazi ya watoto ya kuigizia, nipende nisipende.

Kwa ambaye hajafika huku: Alhamisi ya kwanza ya Machi, shule za Uingereza huadhimisha Siku ya Vitabu. Mtoto hupewa vocha ya kitabu ya pauni 1, na katika shule nyingi sare hubaki nyumbani siku hiyo, mtoto akaenda amevaa kama mhusika wa kitabu anachokipenda. Nia ni kusoma. Ila ukiingia supamaketi wiki mbili kabla, vitabu hata huvioni, unaona mavazi yametundikwa jirani na nepi. Sisi wazazi wa zamu, tusio na cherehani wala muda wa kuikalia, ndio tunaosubiriwa. Oktoba inakuja Halloween, sikukuu ya watoto kuvaa kama wachawi na mizimu, na mzunguko unaanza upya.

Sasa, usiku mmoja mwaka juzi tumekaa sebuleni hapa Birmingham, binti yangu wa miaka 6 kanikalia mapajani, anasukuma picha kwa kidole. Wiki nzima alikuwa ananiimbia kwamba atakwenda shule akiwa daktari, kwa sababu ya kitabu walichosomewa darasani. Likatokea koti jeupe la daktari, zuri tu. Akalipita.

"Si ulitaka udaktari wewe?"

"Hiyo ya wavulana, mama."

Nikarudisha nyuma nikaangalia. Aliyevaa alikuwa mvulana kweli, na pembeni kwa herufi ndogo iliandikwa kwamba hilo ni kundi la mavazi ya wavulana. Lakini mwanangu wakati huo alikuwa bado anasoma kwa kuunga herufi moja moja, asingeweza kuyanasa maandishi yale kwa kasi ile. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kama mtu anayeelezea jambo la wazi kwa mzee asiyesikia vizuri: "Si unaona amesimama kivulana?"

Amesimama kivulana. Nilipomlaza nikarudi kwenye simu, na safari hii nikawa naangalia miguu.

Jaribuni na nyinyi. Mvulana kwenye tangazo la nguo hizi amepanua miguu kama golikipa anayesubiri penalti. Ngumi iko mbele, nyusi zimekunjwa, mdomo uko wazi ananguruma. Mara nyingi hata kamera haiangalii, anamwangalia adui fulani aliye nje ya picha. Msichana miguu yake iko pamoja, ncha ya kiatu kimoja imegusa sakafu nyuma ya kingine. Kichwa kimeinamia bega. Vidole viwili vimeshika pindo la gauni, kama anayeogopa lisije likapata tope. Naye macho yake hayatafuti adui yeyote, yanakutazama wewe mwenye kadi ya benki.

Nilidhani labda ni kwa sababu ya nguo zenyewe, maana gauni la malkia halipigi ngumi. Nikatafuta vazi ambalo wote wawili wanalivaa. Mzimamoto: mvulana anakimbia na mpira wa maji, msichana kashika kiuno, anacheka, na suruali ya kazi imegeuka sketi. Polisi: mvulana amenyoosha mkono kusimamisha jambazi, msichana anapiga saluti. Kwa mashujaa wa filamu ndipo nilipochoka kabisa. Nguo ya mvulana imeshonewa sponji kifuani na tumboni ili mtoto wa miaka 4 awe na misuli ya mbeba mizigo bandarini. Nguo ya msichana, shujaa yuleyule, alama ileile kifuani, haina sponji. Ina pambo la wavu kiunoni na vumbi la kumetameta ambalo, niaminini, halitoki kwenye zulia hadi Pasaka.

Tukizungumzia mambo haya huwa tunawaonea huruma wasichana peke yao. Mimi nina kijana pia, kaka yake huyu, mtoto mpole, mwoga wa mbwa, ambaye akiwa na miaka 4 alitaka mabawa ya kipepeo na akayavaa mwezi mzima mpaka yakakatika waya. Usiku ule nilimtafuta mtoto kama yeye kwenye zile picha, mvulana aliyekaa tu, au anayecheka bila kumtisha mtu. Sikumpata. Watoto wa kiume kwenye matangazo yale hawapumziki. Wanaokoa dunia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna anayewaambia waje wakae.

Wenyeji nao wameliona. Mwaka 2012 kikundi cha wazazi kilianzisha kampeni iitwayo Let Toys Be Toys, wakayabana maduka yaondoe vibao vya "wavulana" na "wasichana" kwenye rafu za vinyago, na maduka kadhaa makubwa yakaondoa. Krismasi ya mwaka huohuo huko Sweden kampuni ya Top-Toy ilitoa katalogi yenye wavulana wanaolea wanasesere na wasichana wenye bunduki za kuchezea, baada ya kukaripiwa miaka michache nyuma na wasimamizi wa matangazo wa nchi hiyo. Kilichonichekesha ni kwamba katalogi ya Denmark ya kampuni hiyohiyo ilikuwa na baadhi ya picha hizohizo, lakini kule bunduki kaishika mvulana. Yaani usawa uliishia mpakani.

Hapa Uingereza chombo kinachosimamia matangazo kinaitwa ASA. Tangu tarehe 14 Juni 2019 ni marufuku tangazo kutumia dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara au kuchukiza watu wengi. Agosti ya mwaka huo wakayapiga marufuku mawili ya kwanza. Moja lilikuwa la jibini ya Philadelphia, akina baba wanazubaa na chakula mpaka watoto wao wanabebwa na mkanda unaozungusha sahani. Jingine la gari la umeme la Volkswagen, lenye wanaume wanaelea kwenye chombo cha angani huku mwanamke kakaa kando ya kigari cha mtoto. Nikasema, haya, tumepata pa kushitaki. Nikausoma mwongozo wao. Unaruhusu tangazo kulenga wasichana peke yao au wavulana peke yao. Usichoruhusiwa ni kusema waziwazi kwamba mchezo fulani au kazi fulani haimfai mtoto wa jinsia nyingine. Unaonya pia kwamba kumweka mvulana jasiri kando ya msichana mpole ni jambo la kufanywa kwa uangalifu. Sawa. Lakini hakuna mahali duka lile liliposema binti yangu hafai udaktari. Mvulana wao kasimama tu, na kusimama si kosa.

Nikawaandikia wenye duka hata hivyo. Sikugombana nao, niliwaeleza alichosema mwanangu na kuuliza kwa nini koti la daktari liwe la upande mmoja. Wakanijibu baada ya siku tisa kwa adabu tele. Neno "wavulana" likaondolewa, likawekwa "watoto". Picha ni ileile mpaka leo.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi mwenye ngozi kama yangu haliruki. Nilipofika huku mwaka 2011, mtoto mweusi kwenye matangazo haya ulikuwa unamtafuta kwa tochi. Sasa yupo, na nafurahi, sitasema uongo. Ila nimeanza kuzoea mahali anapowekwa: kwenye picha ya kundi, pembeni, akiwa mtoto wa maji ya kunde mwenye nywele za mawimbi zilizoachiwa. Mwenye nywele za kusukwa kama za binti yangu, akiwa peke yake, amejaa ukurasa, bado nahesabu kwa vidole. Na gauni la malkia wa barafu linakuja na msuko wa njano ulioshonewa kwenye kibanio cha kichwani. Nilipomvisha ulikaa juu ya nywele zake kama tandu aliyepotea njia.

Mwaka 2016 Disney walikwenda mbali zaidi. Waliuza vazi la Maui, yule shujaa wa Polinesia katika filamu ya Moana, na vazi lenyewe lilikuwa ngozi: suti ya kitambaa cha kahawia yenye michoro ya chale, mtoto yeyote aingie na kufunga zipu. Watu wa visiwa vya Pasifiki walikuja juu na kampuni ikaliondoa sokoni, ikaomba radhi. Mimi nilibaki na swali dogo la kipuuzi: ile picha ya tangazo ilipangwaje, na nani pale mezani aliitazama akasema safi, tuchapishe?

Swali hilo nilijibiwa bila kutarajia. Julai ya mwaka huohuo wa koti la daktari, rafiki yangu Mghana ambaye mtoto wake huwa anapigwa picha za matangazo aliniambia kuna kampuni inatafuta msichana mweusi wa miaka 6 au 7 kwa mavazi ya Halloween. Baba watoto alikataa katakata: "Mwanangu si bango." Binti akalia siku mbili, baba akalegea. Huku mtoto hafanyi kazi hiyo kienyeji. Sheria ya mwaka 1963 inadai kibali cha halmashauri, lazima mlezi awepo muda wote, na kwa umri wake saa za kupigwa picha hazizidi 3 kwa siku. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko za kunikubalia mimi kuingia nchi hii. Natania, lakini si sana.

Studio ilikuwa ghala nje ya mji. Joto la Julai, watoto wamevaa manyoya. Binti yangu akavishwa gauni la malkia wa wachawi, saizi ya mtoto wa miaka 9, maana ndilo lililofika. Dada wa mavazi akazunguka nyuma akalikaza kwa vibanio vya nguo, vilevile vya kuanikia kamba ya uani. Nilihesabu vinane. Chini akavishwa sketi ya wavu iliyofanya gauni lifumuke kama keki, na sketi hiyo haimo kwenye pakiti inayouzwa. Kwa mbele, malkia. Kwa nyuma, nguo zilizoanikwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, basi ya studio haisitiri mgongo.

Mpiga picha alikuwa kijana mwema, mcheshi, hakuwa na ubaya wowote. Mezani kwake palikuwa na karatasi ya kampuni yenye vichoro vidogo: kila vazi na namna ya kusimama. Alianza na mvulana aliyevaa vazi la mifupa. "Joka hilo linakuja! Litishe! Kubwa zaidi!" Yule mtoto akaruka, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Ikafika zamu ya wangu. "Zunguka taratibu. Vizuri. Simama hapo, shika gauni, nipe tabasamu."

Akazunguka. Akasimama. Kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha Birmingham, bila hasira, anataka kujua tu: joka lake yeye liko wapi?

Ghala zima likacheka. Kijana akampa joka papo hapo, tena lenye vichwa viwili. Mwanangu akalikabili kwa meno na kucha mpaka kibanio kimoja kikafyatuka kikampiga dada wa mavazi mkononi. Picha nyingi zilipigwa pale, nami niliziona kwenye kioo cha kompyuta, za kupendeza mno.

Septemba tangazo likatoka. Ameshika gauni, anatabasamu, kichwa kimeinamia bega la kushoto.

Yeye hakuhuzunika hata kidogo, mimi ndiye niliyenuna. Kitu kilichombaki ni ujuzi, na sasa hatupiti penye tangazo salama. Wiki iliyopita tulikuwa kituo cha basi, ukutani kuna bango la msichana mwenye gauni la dhahabu, limemkaa kama alizaliwa nalo. Akalisogelea, akakunja macho kama fundi anayekagua gari bovu.

"Mama, huyu amebanwa mgongoni."

Nikamwonyesha mvulana aliyekuwa kando yake, ngumi juu, mdomo wazi. "Na huyu je?"

"Huyu ameambiwa kuna joka," akasema, na basi letu likafika.