Mo Amin, kijana wa Eastleigh aliyefika Korem na kamera

Jamani leo acha nimuongelee mtu mmoja ambaye nikishika tu kamera namkumbuka, Mohamed Amin, mpiga picha wa habari wa Kenya, wengi walizoea kumuita Mo. Mi napiga video za harusi na za asasi hapa Dar, na mwaka jana kuna asasi ilinipeleka kijijini, bosi wao akaniambia nimtafute mtoto anayelia, machozi yaonekane vizuri. Nilikosa raha siku nzima. Usiku nikafungua simu nikaangalia tena ile video ya Mo ya njaa ya Korem, Ethiopia.

Mo kazaliwa Nairobi 1943, baba yake mtu wa reli, utoto wake mwingine kaumalizia hapahapa Dar na kampuni yake ya Camerapix kaianzishia hapahapa mwaka 1963 ndo baadae akahamia Nairobi, na vijana wengi wa mjini wanaoshika kamera leo hawalijui hilo, kwa kweli linaniuma. Tom Mboya, waziri wa Kenya, alivyopigwa risasi Nairobi 1969 Mo ndo aliwahi kufika na kamera.

Sasa Oktoba 1984 akaingia Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akiwa na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Alfajiri, baridi, maelfu ya watu wamejikunyata chini na mashuka yao, wengine hawakuamka tena. We angalia kamera yake inavyoenda, haina haraka, inapita taratibu inakaa usoni kwa mtu mpaka unahisi yeye ndo anakutazama wewe. Tarehe 23 BBC wakairusha, nchi nyingi zikaichukua, misaada ikaanza kumiminika na Julai 1985 ikaja Live Aid, lile tamasha la muziki la kuwachangia wenye njaa. Wanamuziki wanakumbukwa na wanastahili, walijitoa sana, ila mkanda ule usingetoka Korem nani angejua kuna watu wanakufa kule?

Na sio kwamba alikuwa anatafuta njaa tu, hapana, huyuhuyu katoa vitabu vya picha za Ziwa Turkana, za Hija, za reli ya Mombasa mpaka Uganda. Ndo maana namuamini.

1991 ghala la silaha likalipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti John Mathai akafia palepale, huyo ndo kabisa hatajwi. Mo akawekewa mkono wa bandia akarudi kazini! Alifariki 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda kurudi Nairobi ilitekwa ikaishiwa mafuta ikaanguka baharini Comoro.

Kesho yake kule kijijini nilikaa na mama wa yule mtoto, nikamuomba aongee mwenyewe, akaeleza habari za kisima dakika kumi na mbili bila chozi. Nikawapelekea hiyo.