Niuze Zote au Niuze Robo?

Tangu hisa za benki zianze kupanda katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, watumishi wenzangu hapa Dodoma wananiuliza kama wauze sasa au wasubiri. Wengine wanataka kuuza zote wakanunue kiwanja Iyumbu. Wengine hawataki kugusa hata moja, kana kwamba faida wanayoiona kwenye Hisa Kiganjani, programu ya simu ya soko hilo, imekwisha kuingia mfukoni. Binafsi naona kiasi cha kuuza na bei ya kuuzia ni mambo ya kuamua siku ya kununua, kabla tamaa haijaingia.

Tumchukue aliyenunua hisa 10,000 za CRDB mwaka 2009, zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 150, akatoa 1,500,000. (Alihitaji moyo mgumu, maana ipo miaka bei ilishuka chini ya hapo.) Bei ikifika 600, akauza robo tu, yaani hisa 2,500, mtaji wote umerudi, ukiacha ada za dalali na za soko, naye amebaki na hisa 7,500. Kwa mwaka 2023 benki hiyo ilitoa gawio, yaani mgawo wa faida kwa wanahisa, la shilingi 50 kwa hisa; kwa kiwango hicho angepata 375,000, na kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla hajalipwa, ikishaondolewa, 356,250.

Hata hivyo, bei inayoonyeshwa kwenye ubao wa soko si yako mpaka apatikane mnunuzi. Soko letu ni dogo, na oda ya kuuza hisa za kampuni isiyochangamkiwa inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Wafanyabiashara wa soko la mahindi la Kibaigwa hushusha magunia wakati malori ya wanunuzi yamejaa sokoni. Na sisi tuuze kidogo kidogo wanunuzi wakiwepo, badala ya kuvizia kilele. Tuangalie pia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, yaani siku inayoamua nani atapata gawio, kwa sababu anayechelewa kuuza hadi ipite hupata gawio, lakini mara nyingi hukuta bei imepungua.

Kuhusu kiwanja, nina mashaka. Hicho huwezi kuuza robo yake ada ya shule inapodaiwa Januari, na dalali wa viwanja hana ubao wa bei. Fedha ya hisa ninazouza huiweka Mfuko wa Ukwasi, mmoja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambako nikiihitaji naipata ndani ya siku chache za kazi, nikisubiri bei ishuke ninunue tena.