Siku Moja Maishani Mwangu: Maneno ya Sekunde 90

Saa 10:45 alfajiri

Adhana inanikuta macho. Nimelala na neno moja kichwani na limeamka pamoja nami: mabano. Nitalieleza muda si mrefu, kwanza niseme kazi yangu.

Mimi ni mfasiri. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka tisa, sasa nafanyia kazi nyumbani, hapa Ngamiani, Tanga. Wiki hii nina kazi ya shirika la ndege la nje, ambalo mkataba haunipi ruhusa kulitaja. Linaingiza ndege mpya kubwa, Boeing 787-9, kwenye safari zinazobeba Waswahili wengi. Limeajiri wahudumu wapya, wengine vijana wa Afrika Mashariki, na linataka vitu viwili kwa Kiswahili: matangazo ya usalama kwa abiria, na amri ambazo mhudumu huzipaza siku mambo yakiharibika. Mwisho wa kukabidhi ni leo saa 12 jioni.

Saa 12:15 asubuhi

Chai ya tangawizi, kompyuta, mlango wazi ili upepo upite. Nafungua tena rasimu niliyoletewa, ambayo mtu mwingine, au mashine, aliifanya kabla yangu. Kuna ile amri ya kumtaka abiria ajikunje na kujikinga kabla ya kishindo. Imeandikwa: "Kaa katika mabano." Neno la Kiingereza lililokuwepo, "brace", lina maana nyingi, mojawapo ni alama za uandishi, na aliyefasiri kaokota hiyo.

Nililisoma jana usiku nikakosa raha. Huyo aliye kwenye kiti ana sekunde chache tu, na tumempa alama za uandishi.

Kwa wasiojua: ndege kubwa ya abiria haipewi cheti cha kuruka mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa kutumia nusu ya milango, gizani. 787-9 ina milango minane, minne kila upande. Kwa hiyo jaribio huhesabu minne tu. Sheria za nchi nyingi hutaka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Wale tunaowaona wakigawa juisi wamewekwa mle kwanza kabisa kwa ajili ya sekunde hizo 90, na nyenzo yao kubwa ni sauti.

Tarehe 2 Januari 2024, kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya Airbus A350 iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, ikashika moto. Kwenye ile ndogo walifariki watano kati ya sita. Kwenye ile kubwa walikuwemo watu 379, wote wakatoka hai. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa. Milango mitatu tu ndiyo iliyotumika. Wahudumu walitumia megafoni na koo zao, na abiria waliacha mizigo. Habari hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza, nikichoka naitazama.

Saa 1:30 asubuhi

Narekebisha yale yanayohusu ukubwa wa ndege. Rasimu inasema "pita njia ya katikati". Kwenye basi la Dar sawa, njia ni moja. Humu viti vimepangwa tisa kwa safu, tatu-tatu-tatu, na njia ni mbili. Aliyekaa katikati kabisa hana ukuta wala dirisha upande wowote; ukimwambia "njia ya katikati" atabaki anashangaa. Nimeandika: "Tazama mlango ulio karibu nawe. Huenda uko nyuma yako."

Na madirisha. Rasimu inasema "fungua pazia la dirisha". 787 haina pazia, haina hata kifuniko cha kuvuta. Kioo chenyewe hufifia au kung'aa kwa kubonyeza kitufe kilicho chini yake, na hakibadiliki papo hapo, huchukua muda kidogo. Anayesafiri mara ya kwanza atapapasa kutafuta pazia lisilokuwepo. "Bonyeza kitufe chini ya dirisha mpaka uone nje vizuri." Maneno ni mengi zaidi, lakini hapa haraka haipo, ndege bado iko chini.

Saa 2:40 asubuhi

Naingia kwa bibi jirani. Mwezi ujao anakwenda Muscat kwa mwanawe, hajapanda ndege maishani. Nimempelekea mbaazi na mandazi, na karatasi yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ndege yako tena?"

Namsomea sehemu ya oksijeni. Neno barakoa analijua vizuri, sote tulijifunza mwaka 2020. Nafika pale panaposema avae yeye kwanza kabla ya kumvalisha mtoto, anaweka kikombe chini.

"Mimi kwanza, mtoto baadaye? Mama gani huyo?"

Namweleza kwamba huko juu, hewa ikitoka ndani ya ndege, mtu mzima anaweza kupoteza fahamu kabla ya dakika kwisha. Ukianza na mtoto, mkono utalegea kabla hujafunga kamba, na hapo hakuna wa kukusaidia wewe wala yeye. Anafikiri. Kisha anasema, "Basi semeni hivyo. Msiniamrishe tu kama sina huruma."

Ana haki. Nafuta "vaa barakoa yako kwanza", naandika: "Jivike wewe kwanza, ndipo uweze kumvika mtoto." Hiyo "ndipo uweze" ni ya bibi, mimi nimeiandika tu.

Tunahamia kwenye jaketi la kuokolea. Hapa nina hofu ya siku nyingi. Novemba 1996 ndege ya Boeing 767 iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, kisiwa cha Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza jaketi zao upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yaliwapandisha mpaka darini wakashindwa kupiga mbizi kuutafuta mlango. Ngazidja ni kwa ndugu zetu. Rasimu inasema "usilijaze upepo ukiwa ndani ya ndege". Namuuliza bibi amesikia nini. Ananijibu: "Nilijaze upepo nikiwa ndani ya ndege." Masikio yake ni mazito kidogo, sawa. Lakini ndani ya ndege nani masikio yake yatakuwa mepesi?

Nabadilisha: "Jaketi lijaze ukishafika mlangoni, unapotoka."

Saa 4:15 asubuhi

Baiskeli mpaka Deep Sea, kwa wavuvi. Nina shida ya neno la milango. Kabla ya kuondoka, mhudumu huuweka mlango katika hali ambayo ukifunguliwa tu, ule mtelezo wa mpira, wa kuteremkia watu wakati wa hatari, hufyatuka na kujaa wenyewe. Wakifika, huurudisha kwenye hali ya kawaida, ama sivyo atakayefungua atafyatua mtelezo kwenye uso wa watu wa ngazi. Rasimu ilisema "washa milango" na "zima milango". Mlango hauwashwi.

Mzee mmoja anasuka dema, mtego wa samaki, kivulini. Namwamkia, namweleza, anasikiliza huku kidole gumba kikipitisha ufito chini, juu, chini. Hajaniangalia hata mara moja.

"Huo umetegwa," anasema. "Kitu ukikiweka tayari kifyatuke, umekitega. Ukikiondoa, umekitegua. Una shida gani hapo?"

Sina shida. Tega mlango, tegua mlango. Mafupi, yanapingana sawasawa, na kila mtoto wa pwani anayajua. Nimerudi nikiendesha kwa furaha mpaka nusu ya njia, nikasimama. Tangazo hilo hutolewa kwa wahudumu, lakini abiria wote hulisikia. Na siku hizi kutegua tunakusikia zaidi kwenye taarifa za habari: kutegua bomu. Wazia ndege imesimama, watu wamechoka, sauti inasema "wahudumu, tegueni milango".

Basi nimeamua: tega na tegua vibaki kwenye kitabu cha mafunzo cha wahudumu. Kwenye kipaza sauti itakuwa "wahudumu, milango tayari kwa safari" na "milango tayari kwa kushuka". Namwomba radhi mzee wa watu kimoyomoyo, neno lake ni bora kuliko langu.

Saa 7 mchana

Swala, wali na samaki wa kupaka, usingizi wa dakika ishirini.

Saa 8:30 mchana

Studio ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya simu, kuta zimepigwa magodoro. Kijana wa studio namwita mwanangu ingawa ananizidi kimo kwa mbali. Tunarekodi matangazo ya kawaida bila tabu: karibuni, mikanda, simu, barakoa, jaketi. Tunaanza amri. Umeme unakatika.

Duka la pili wanawasha jenereta, inanguruma ukutani kama iko mapajani mwetu. Kijana anataka tungoje. Namwambia hapana, hii ndiyo hali yenyewe, toka usimame mlangoni, mimi nitapaza amri, wewe niambie unasikia nini.

Napaza ile niliyoiandika badala ya mabano, ambayo asubuhi nilikuwa nikijivunia: "Inama! Usiinuke!"

Kijana ananitazama. Anainama, halafu anasimama.

"Mbona umesimama?"

"Si umesema inama, inuka?"

Narudia. Kwa nguvu zaidi. "Umesema inuka," ananiambia, na sasa ana uhakika.

Nimekaa juu ya spika nikaandika kwenye kiganja. Tatizo ni u-si. Kanusho letu liko mbele ya neno, silabi nyembamba, na mngurumo unalimeza hilo kwanza. Kinachobaki ni kinyume chake. Usiinuke inakuwa inuka. Usibebe mizigo inakuwa beba mizigo. Ni lile lile la bibi na jaketi asubuhi, nami nililirekebisha mahali pamoja nikaliacha kwenye amri zote! Mwalimu wa Kiswahili wa miaka tisa nahitaji jenereta ya jirani ndipo nilisikie.

Tumepitia orodha nzima, jenereta ikinguruma, tukiondoa kila kanusho:

Inama! Baki chini!
Fungua mkanda!
Acha mizigo!
Njoo huku!
Ruka, teleza!

Nimeacha pia ile -ni ya wingi. "Inameni" inaongeza silabi, na kila mtu humdhania mwenzake ndiye anayeambiwa. "Inama" inamshika mmoja mmoja.

Kila amri kijana ameisikia mara tatu kati ya tatu. Isipokuwa "Ruka, teleza", mara mbili. Ya kwanza kasikia "ruka" peke yake, na hiyo inatosha.

Saa 10:20 alasiri

Simu ya video na mkufunzi wa wahudumu, dada wa Mombasa aliyeruka miaka mingi. Amezipenda amri, ila ana wasiwasi mwingine. Katika darasa lake wapo wasichana wawili wa pwani ambao kwa Kiingereza wanapaza vizuri, lakini kwa Kiswahili sauti inashuka. Wanasema hawawezi kumwambia mtu wa umri wa bibi yao "acha mizigo" hivi hivi. Mmoja ameomba waongeze tafadhali.

Namwelewa kabisa. Lugha hii tumelelewa nayo pamoja na adabu yake, ukiitamka tu mabega yanainama yenyewe. Lakini tafadhali ni silabi nne.

Sikuwa na jibu. Nikampelekea swali bibi kwa kupitia ukuta wa ua, mkufunzi akiwa bado kwenye simu.

"Bibi! Mhudumu akikupigia kelele 'acha mizigo' ndege inaungua, utamwona hana adabu?"

Kimya kidogo, halafu: "Nyumba ikiungua, utaniamkia shikamoo kwanza?"

Mkufunzi amesema atawachezea hiyo darasani.

Saa 11:50 jioni

Nimetuma. Bado siridhiki na "mtelezo". Watu niliowauliza Ngamiani wameelewa, lakini wawili walidhani ni sakafu yenye maji. Nimeacha alama pembeni ya mstari, na nimeomba mchoro wake uwekwe mkubwa kwenye kadi ya mfukoni mwa kiti.

Saa 2:30 usiku

Nimekaa barazani, kusi linavuma vizuri. Simu inalia: ujumbe wa sauti kutoka darasa la jioni. Mkufunzi anasema yule aliyetaka tafadhali ndiye atakayeanza. Naongeza sauti mpaka mwisho. Kuna mvumo wa mashine ya moshi wa mazoezi, kuna mtu anakohoa, halafu msichana, peke yake, kwa koo lote:

"Inama! Baki chini! Inama! Baki chini!"

Naisikiliza mara mbili. Mara ya tatu inatoka sauti upande wa pili wa ukuta.

"Nani hao wanaopiga kelele usiku huu?"

"Wahudumu wa ndege, bibi. Wanajifunza."

"Wananiambia niiname?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Waambie nimesikia."